Kabla Hujauza Rupia ya Bibi

Mtu wa Lindi hahitaji kufundishwa mnada. Kila msimu wa ufuta na wa korosho watu hukusanyika kusikiliza bei ya juu na bei ya chini, hupiga hesabu ya makato, na bei isipowaridhisha huikataa, mzigo ukabaki ghalani. Oktoba 2018 wakulima wa kusini waligomea bei za wanunuzi, na mwezi uliofuata Serikali ikatangaza kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Oktoba 2024, minada ya korosho ilipoanza kuendeshwa kwa mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania, TMX, bei ya mwanzo wa msimu ilivuka shilingi 4,000. Mkulima wa Mtama au Nachingwea anakutajia bei hizi bila kufungua daftari.

Mpe sasa mtu huyohuyo kikopo cha marehemu bibi yake, ndani mna rupia tatu za Mjerumani na senti chache za tundu. Haulizi tena bei ya juu wala ya chini. Akipita mchuuzi wa pikipiki kutoka Nangurukuru akampa shilingi elfu kumi kwa rupia, anapokea na kushukuru. Au akitokea kijana mwenye simu mbili, anayedai kuna tajiri Dar es Salaam anazinunua kwa mamilioni, anauza mbuzi ili alipie "ada ya vipimo". Namwandikia huyo, na yeyote wa mwambao huu kutoka Somanga mpaka Lindi mjini aliye na sarafu ya zamani nyumbani, au anayetamani kununua moja katika minada ya nje. Bei ya sarafu haimo ndani ya sarafu. Hutengenezwa na watu wanaoigombania siku ile, na watu hao wana tabia zinazosomeka.

Nianze na hilo la mamilioni, maana limeumiza wengi. Husemwa kwamba hela za Mjerumani zina madini ya ajabu, kwamba zina zebaki ndani, kwamba Wazungu wanazitafuta kwa mitambo yao. Si kweli hata kidogo. Rupia ni ya fedha. Uzito wake ni gramu 11.66, na katika kila sehemu 1,000 za uzito huo 917 ni fedha, kama gramu 10.7 hivi, kilichobaki ni shaba. Heller moja, chenji ya rupia, ni ya shaba iliyochanganywa. Heller 10 zenye tundu zina shaba na nikeli. Basi. Mizani ndogo ya sonara itakwambia mengi kuliko kijana yule: rupia inayopungua gramu moja nzima ama imelika sana ama ni bandia, na inayonasa kwenye sumaku si ya fedha. Ukitaka kujua thamani ya chini kabisa ya rupia yako, uliza bei ya gramu ya fedha kwa sonara anayeaminika siku hiyo, uizidishe kwa 10.7. Chini ya hapo usiuze hata kwa mjomba wako. Na mtu anayetaka umlipe wewe kwanza ndipo anunue mali yako, huyo ni tapeli, hata avae suti.

Sarafu hizi zimejaa mwambao huu kwa sababu inayojulikana. Kampuni ya Wajerumani ya Afrika Mashariki, DOAG, ilianza kutoa pesa za shaba na rupia mwaka 1890. Serikali ya kikoloni ikashika kazi hiyo kuanzia 1904, na hapo rupia moja ikawa heller 100 badala ya pesa 64. Kodi ya nyumba iliyoanza kudaiwa 1898 ilihesabiwa kwa rupia, na mtu wa Kilwa au wa Liwale hakuwa na pa kuipata ila kwa kuuza mazao au kwenda vibarua katika mashamba ya walowezi. Rupia iliyofungwa kwenye pindo la kanga ikakaa miaka mia ni jasho la mtu aliyefanya kazi asiyoitaka. Hiyo nayo ni sababu ya kutoitoa kwa bei ya soda.

Kosa la pili ni kudhani kwamba kilichokaa miaka mingi kina bei kubwa. Chukua riyali ya Maria Theresa, ile kubwa yenye sura ya malkia mnene mwenye jina hilo, iliyotumika sana Kilwa Kivinje zama za biashara ya pembe na watumwa. Imeandikwa 1780. Mwenye nayo huona mwaka huo akapata joto. Lakini sarafu hizo ziliendelea kugongwa kwa mwaka uleule wa 1780 muda mrefu baada ya malkia mwenyewe kufa, katika miji kadhaa, kwa mamilioni. Nyingi kati yake huuzwa kwa bei inayokaribiana na fedha iliyomo. Pesa za shaba za DOAG za 1890, 1891 na 1892, zenye tai upande mmoja na maandishi ya Kiarabu upande wa pili, nazo zilimwagwa nyingi mno. Mkusanyaji wa Ulaya huzikuta kwenye sahani ya sarafu za bei poa. Senti za tundu za Mwingereza ndizo za chini zaidi. Ziwekeni, muwafundishie watoto historia.

Sasa tazama ya upande wa pili. Mwaka 1916, vita vikiwa vimepamba moto na manowari za Waingereza zimefunga bahari, meli ya kivita ya Wajerumani, Königsberg, ikiwa imeshazamishwa tangu Julai 1915 katika delta ya Rufiji, hapo jirani kaskazini ya Kilwa, Wajerumani waliishiwa sarafu. Wakaanza kugonga zao wenyewe Tabora. Walitoa heller 5 na heller 20 za shaba, zenye herufi T kwa ajili ya Tabora, na sarafu ya dhahabu ya rupia 15 iliyotokana na dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Ina uzito wa gramu 7.16, robo tatu yake dhahabu. Upande mmoja kuna tai, upande wa pili tembo ameinua mkonga, nyuma yake mlima. Ziligongwa 16,198 tu. Sarafu hiyo ina umri mdogo kuliko nyumba nyingi za Kivinje, lakini katika minada ya Ujerumani na Marekani huenda kwa maelfu ya dola, mara nyingi juu kabisa ya thamani ya dhahabu yake. Hata zenyewe kwa zenyewe hazilingani: nakshi iliyo chini ya neno OSTAFRIKA huishia chini ya herufi T katika baadhi na chini ya A katika nyingine, na wakusanyaji huzitenga kama aina mbili, moja ya sarafu 9,803 na nyingine 6,395. Mtu anayetaka zote mbili atalipa mara mbili.

Kwa nini tembo huyu na si riyali ile? Kwa sababu wapo watu wengi, hasa Wajerumani, wanaokusanya sarafu za makoloni ya zamani ya nchi yao kwa mpangilio, kila thamani na kila mwaka. Mfululizo wao una pengo, na pengo humsumbua mkusanyaji kuliko njaa. Rupia mbili zilizotolewa 1893 na 1894 pekee, kwa idadi ndogo, ni pengo kwa wengi. Riyali ya fedha ya Seyyid Barghash wa Zanzibar, ya mwaka 1299 Hijria, yaani 1882, ni pengo kwa wakusanyaji wa Ghuba na wa Uingereza. Rupia ya kawaida ya 1890 au 1913 si pengo kwa yeyote. Kila mmoja anayo, na atanunua nyingine ikiwa tu ni nzuri kuliko aliyonayo. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni hili: ni wangapi wanaihitaji, na ni ngapi nyingine zipo sokoni?

Hapa ndipo mnada wenyewe unaingia. Mnada wa korosho wa miaka mingi ulikuwa wa barua: kila kampuni iliandika bei yake, ikafunga bahasha, sanduku likafunguliwa mbele ya wakulima. Aliyeandika 3,900 akiwa peke yake juu, anayemfuata akiwa 3,400, alilipa 3,900 yake yote, akaenda zake akijuta zile 500. Mnada wa sarafu kwa kawaida si hivyo. Bei hupanda hatua kwa hatua mbele ya wote, ukumbini au mtandaoni, mpaka abaki mmoja. Aliyebaki halipi kile alichokuwa tayari kulipa. Hulipa hatua moja juu ya pale alipochoka mwenzake.

Fuata hesabu hii kwa makini, maana ndiyo kiini. Tuseme rupia yako nzuri imewekwa mnadani Osnabrück, ilipo nyumba ya mnada ya Künker. Mkusanyaji wa hukohuko yuko tayari kufika shilingi 900,000. Mwana wa Kilwa anayeishi Muscat anaitaka kwa 400,000. Mfanyabiashara wa London ataishia 350,000. Hatua ikiwa ni shilingi 10,000, sarafu itauzwa 410,000. Sasa simu ya yule wa Muscat ikizima chaji, sarafu ileile, siku ileile, itauzwa 360,000. Na akijitokeza mwingine mwenye 850,000 mfukoni, itauzwa 860,000. Hakuna kilichobadilika katika fedha, wala mwaka, wala sura ya Kaisari. Amebadilika mtu wa pili. Bei ya mnada ni habari za mtu wa pili kwa hamu, na mwenye hamu ya kwanza hatuijui hamu yake mpaka leo.

Kwa sababu hiyo, usiamini mauzo mamoja. Ndugu yako aliye Ujerumani akikutumia picha ya rupia iliyouzwa kwa bei ya kutisha, muulize imeuzwa mara ngapi kwa bei hiyo. Tafuta mauzo matano au sita ya sarafu ya mwaka uleule, herufi ileile na hali inayofanana, tupa la juu kabisa na la chini kabisa, uangalie yaliyobaki katikati. Kazi hii inawezekana kwa simu. Katalogi ya mtandaoni iitwayo Numista itakusaidia kuitambua sarafu bila malipo. Nyumba kubwa kama Künker na Heritage ya Marekani zina kumbukumbu za mauzo yaliyopita. Tafuta kwa lugha yao: andika "Deutsch-Ostafrika", thamani, mwaka, kisha herufi ndogo iliyo kwenye sarafu, A kwa Berlin, J kwa Hamburg. Herufi hiyo ni ndogo kama punje ya ufuta na watu huipita, ilhali mwaka uleule wenye A unaweza kuwa wa kawaida na wenye J ukawa wa kutafutwa, au kinyume chake.

Na tofautisha bei iliyoombwa na bei iliyolipwa. Kwenye eBay na kwenye matangazo ya mitandaoni mtu anaweza kuandika dola 10,000 kwa heller moja ya shaba. Tangazo hilo litakaa miaka, hakuna atakayenunua, na kila siku mtu mmoja wa Lindi atalipiga picha na kuamini ni tajiri. Chagua kuona vilivyouzwa tu. Bei ambayo hakuna aliyeilipa ni maneno.

Tabia za wanaogombea nazo zina mafunzo. Mtu mzoefu mara nyingi hakai mbele akipandisha bei mapema. Anajua kwamba wengine wanamtazama. Akionyesha hamu, wageni watasema "kama fulani anaitaka, basi kuna kitu," nao wataingia. Kwa hiyo husubiri sekunde za mwisho ndipo aweke dau lake. Ukiona fungu, yaani sarafu iliyowekwa mnadani, limekaa mtandaoni siku sita kwa bei ndogo, usidhani halina watu. Na ukiwa muuzaji, usikate tamaa siku ya tano ukaomba liondolewe.

Ukiwa mnunuzi, wewe fanya hivi: amua kikomo chako kabla mnada haujaanza, ukiwa umetulia, baada ya kuangalia mauzo ya nyuma. Kiandike kwenye karatasi. Mifumo mingi ya mtandaoni hukuruhusu kuweka kikomo hicho kwa siri, nayo hukupandishia kidogokidogo kwa niaba yako hadi hapo, wala haikutozi kikomo chote kama mwenzako alichoka mapema. Ukishaweka, funga simu. Kinachowaharibu watu ni ule wakati wanapoambiwa "umepitwa", roho ikaanza kuona kwamba sarafu ilikuwa tayari yao na kuna mtu anawanyang'anya. Hapo ndipo mtu huongeza hatua moja, kisha moja tena, mpaka analipa mara mbili ya kile alichokiandika mwenyewe asubuhi. Sarafu iliyogongwa kwa mamia ya maelfu itarudi sokoni mwezi ujao. Ya tembo tu ndiyo ninayoweza kumsamehe mtu kuipandishia zaidi ya kikomo.

Kuna mtego mwingine uliofichika zaidi. Watu kumi wakitazama picha moja ya sarafu iliyochakaa kidogo, kila mmoja atakadiria hali yake kwa jicho lake: mmoja ataona ni nzuri sana, wengine wastani. Atakayeshinda ni yule aliyeikadiria juu kuliko wote, na mara nyingi ndiye aliyekosea kuliko wote. Mnada wa picha humchagua mwenye matumaini makubwa na kumpa bili. Kwa hiyo picha ikiwa hafifu, shusha kikomo chako. Usikipandishe kwa kuwaza kwamba huenda ni nzuri kuliko inavyoonekana. Kwa muuzaji maana yake ni kwamba picha kali, yenye mwanga wa pembeni, pande zote mbili na ukingo, ni pesa. Sarafu isiyoonekana vizuri watu waangalifu huikimbia, na waangalifu ndio wenye fedha.

Wapo pia wanaopandishiana bei kwa hila. Mwenye mali humtuma rafiki yake apandishe ili mgeni alipe zaidi. Nyumba kubwa zinakataza na zinafuatilia, ila katika vikundi vya simu na minada midogo ya mitandaoni hakuna wa kuzuia. Dalili yake ni sarafu ileile, yenye mkwaruzo uleule, kuuzwa "kwa mshindi" halafu kurudi wiki mbili baadaye.

Bei ya kuanzia watu hugombana sana juu yake. Mwenye sarafu hutaka ianze juu, kwa hofu. Wanadi hupenda ianze chini, kwa sababu bei ndogo huwaita wengi, na aliyeshaweka dau moja huona ni yake. Mimi naona jibu hutegemea idadi ya wanaoitaka. Sarafu inayotafutwa na wengi, kama ya tembo, ianze chini bila woga; watapigana wenyewe. Sarafu isiyo ya kawaida lakini yenye wapenzi wachache, wawili wakiwa safarini itaondoka kwa bei ya kuokota, kwa hiyo iwekee bei ya chini ambayo haitauzwa ikishindwa kuifikia. Wakulima wa korosho wanaokataa bei hufanya jambo hilohilo. Lakini usiiweke bei hiyo mbinguni. Fungu likishindwa kuuzwa, kumbukumbu inabaki, na safari ijayo wakusanyaji husema "hii ilikataliwa".

Makato ni pale ambapo mkulima wetu ana akili kuliko mkusanyaji wa Ulaya, ila anasahau kuyauliza. Bei inayotangazwa mwisho siyo anayolipa mnunuzi, wala siyo anayopokea muuzaji. Nyumba nyingi humtoza mnunuzi ada juu ya bei, kati ya asilimia 15 na 25, na humkata muuzaji kamisheni. Tuseme rupia zako zimeuzwa 400,000, ada ya mnunuzi ni asilimia 20 na kamisheni yako asilimia 15. Mnunuzi atatoa 480,000. Wewe utapokea 340,000, kabla ya bima, posta na makato ya benki. Shilingi 140,000 zimebaki katikati. Kwa hiyo ukisoma bei ya zamani, jua kama ada imo au haimo. Nyumba moja huitangaza bila ada, nyingine pamoja nayo, na ukizilinganisha bila kujua utadhani Marekani wanalipa zaidi kuliko Ujerumani. Na kwa rupia tatu za kawaida zilizochakaa, gharama ya kuzipeleka mnadani Ulaya itazila zote. Hizo uza hapahapa, kwa mkusanyaji au mfanyabiashara anayeaminika. Akikupa asilimia 60 au 70 ya bei halisi ya mauzo, hajakuibia. Naye ana gharama na atakaa nazo. Akikupa asilimia 10, huyo ni kangomba, sawasawa na yule anayekuja shambani kabla ya msimu na kipimo chake mkononi, akijua una ada ya shule ya kulipa.

Jambo moja nitalisisitiza kwa sauti: usisafishe. Nimeona rupia nyingi za mwambao huu, na nyingi zimeuawa kwa upendo. Mama anaitoa sandukuni, anaisugua kwa ndimu na majivu hadi inang'aa kama kijiko kipya, aionyeshe kwa mgeni. Iangalie kwa kioo cha kukuzia: uso wa Kaisari Wilhelm, kofia yake yenye tai, vyote vimejaa michirizi myembamba inayokwenda upande mmoja, na ule weusi laini uliokuwa umetulia pembeni mwa herufi umekwisha. Weusi ule ndio mkusanyaji anaoutafuta, kwa sababu unamthibitishia kwamba hakuna aliyeichezea. Sarafu iliyosuguliwa inaweza kupoteza nusu ya bei au zaidi, na hakuna dawa ya kurudisha. Vivyo hivyo iliyotobolewa ivaliwe shingoni, au iliyochomelewa kikonyo na sonara. Kama mkufu wa bibi, ina heshima yake, na ningeiacha iwe mkufu. Mnadani haitafika mbali.

Hali hupimwa kwa kipimo cha 1 hadi 70, na kampuni kama NGC na PCGS za Marekani huzifunga sarafu kwenye kasha la plastiki lenye namba hiyo na uthibitisho kuwa ni halisi. Kwa sarafu ya rupia 15, ambayo bandia zake ni nyingi, kasha hilo humtoa mnunuzi hofu na hofu ikitoka bei hupanda. Kwa rupia ya kawaida, ada ya kasha huzidi sarafu yenyewe.

Sasa nizungumze na ndugu zangu wa Kilwa Kisiwani, Songo Mnara na visiwa vya jirani, maana hapa ushauri wangu ni tofauti kabisa. Mvua ikinyesha au bahari ikila ufuko, hutokeza visarafu vya shaba, vyepesi, vyembamba, vya kijani kwa kutu, vyenye maandishi ya Kiarabu pande zote mbili na visivyo na mwaka. Ni sarafu za masultani wa Kilwa: Ali bin al-Hasan, al-Hasan bin Sulaiman na wengine. Huyu wa pili ndiye aliyekuwa akitawala Ibn Battuta alipofika 1331. Maneno ya upande mmoja yamefanyiwa vina na ya upande wa pili, jina la sultani likiitikia sifa za Mola. Miji michache ya Afrika kusini ya Sahara iligonga sarafu zake zama hizo, na Kilwa ni mmojawapo.

Hizo haziuzwi. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa 1979, inakilinda kila kitu kilichotengenezwa na binadamu kabla ya 1863. Kuchimba, kuuza au kukitoa nje ya nchi bila kibali ni kosa, na anayekigundua anatakiwa kutoa taarifa. Na hata tukiweka sheria kando, angalia biashara yenyewe. Sarafu ya shaba ya Kilwa iliyolika, isiyo na karatasi zinazoonyesha ilitoka lini na kwa njia gani, nyumba zenye heshima zinaiogopa, na anayekubali kuinunua gizani hukupa hela ya nauli. Unajitia hatiani kwa bei ya sahani ya pilau.

Thamani yake ya kweli iko mahali ilipolala. Sarafu moja tu ya shaba ya al-Hasan bin Sulaiman, iliyopatikana katika magofu ya Great Zimbabwe, mamia ya kilomita kutoka bahari, ni ushahidi wa mkononi wa njia ya dhahabu iliyoitajirisha Kilwa. Ingeuzwa mnadani bila kuandikwa ilikotoka, ingekuwa kipande cha shaba. Kinyume chake, mwaka 1944 mwanajeshi wa Australia, Maurie Isenberg, aliokota sarafu kwenye visiwa vya Wessel kaskazini mwa nchi yake, na tano kati yake zikaja kutambuliwa kuwa za Kilwa. Zilikuwa zimeokotwa mchangani na kutiwa kwenye kopo kwa miaka mingi, na mpaka leo wataalamu wanabishana zilifikaje huko. Habari ile ilipovuma 2013, wapo walioanza kuulizia bei za sarafu za Kilwa. Habari hiyo haikuzibadilisha sarafu zenyewe. Ilibadilisha matumaini ya watu.

Kwa hiyo ukiiona, iache palepale, weka alama, ipige picha pamoja na mahali ilipo, umwambie mwenyekiti wa kijiji na maafisa wanaosimamia magofu. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yamo kwenye Urithi wa Dunia tangu 1981; yaliwekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini 2004 na kuondolewa 2014. Wageni wanakuja kwa ajili ya hayo, na mwenyeji anayeongoza wageni miaka ishirini atapata zaidi ya anayeuza sarafu mara moja. Nawe mwana wa mwambao uliye Muscat, London au Toronto, ukikutana na sarafu ya Kilwa mnadani, swali la kwanza kwa muuzaji liwe ilitoka Tanzania mwaka gani na karatasi yake iko wapi. Akibabaika, usiweke dau. Mnunuzi wa pili akijitoa, bei inaanguka, na bei ikianguka hakuna atakayechimba.

Turudi kwa rupia, ambazo ni za baada ya 1863 na ni mali ya familia. Kabla ya kupeleka yoyote nje ya nchi, ulizia Idara ya Mambo ya Kale kwa maandishi na ulihifadhi jibu. Kabla ya kumwonyesha mchuuzi yeyote, ipime, andika uzito, mwaka na herufi, piga picha pande zote mbili. Usimwachie mtu akaondoka nayo "kwenda kuonyesha mtaalamu". Mtaalamu ataanza na picha. Omba bei kwa watu wawili wasiojuana. Na kwa sababu kikopo cha bibi kina wajukuu wengi, kaeni kikao kwanza, mkubaliane kama mnauza au mnabaki nayo, nani atashika na mgao utakuwaje, mwandikiane karatasi na kila mmoja atie sahihi. Mnunuzi asiyekubali kusubiri kikao hicho mwambieni aende zake.